Vyuma vya Mikono ya Athumani

Durban

Dada yangu Mwajuma,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii imekukuta mzima, wewe na shemeji Ramadhani na watoto, na kwamba mpunga wenu wa Mahege umenusurika na maji. Mimi mwili hauna neno, dada. Kinachoumwa ni moyo, na maumivu yake siwezi kukueleza kwa simu, kwa sababu simu yako hulala mkekani pembeni ya mdogo wetu Athumani, na kila tunachosema anakisikia.

Tangu uliponinong'oneza kwamba vidole vyake vinakufa ganzi, na kwamba kikombe cha chai kimeshamponyoka mbele ya wageni, sijakaa sawa. Ulisema daktari amewaambia ugonjwa ulioachwa na ile ajali unapanda na uti wa mgongo, umeshamaliza miguu na sasa unaijia mikono. Ukasema pia, "Seif, usimwambie kama nimekwambia, ameniapisha." Sikumwambia. Lakini dada, hukujua siku hiyo nilikuwa nimekupigia kwa jambo gani.

Ngoja nianze mbali kidogo. Baada ya marundo ya boriti kumporomokea kule Salale, akabaki wa kukaa tu, watu wa msikitini walimchangia baiskeli ya magurudumu matatu. Unakumbuka aliipanda mara moja akairudisha, na wote tukaona ana kiburi. Jioni ile alinipigia. Akasema, "Kaka, kile chombo watu wakikiona wananihurumia kabla sijawasalimia. Nataka gari. Gari la watu wawili, la chini, la mbio. Waliangalie gari kwanza, halafu ndiyo waniangalie mimi." Nikacheka. Akasema, "Bodi nitaifinyanga mwenyewe kwa faiba, kama nilivyokuwa nafinyanga maboti. Wewe uko kwenye yadi ya magari mabovu, nitafutie vya ndani."

Basi ndiyo yakawa maisha yangu hapa. Mchana nafungua magari ya watu na kuuza spea, jioni nachagua za Athumani. Yeye alitaka injini kubwa. Nikamwambia bodi ya faiba ni nyepesi, injini kubwa itakurusha mtaroni kabla hujafika Bungu. Tulinuniana wiki nzima kwa jambo hilo, mpaka akakubali injini ndogo, ya gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Difu ya kuzungushia magurudumu hayo niliyoipata kwanza ilikuwa inalia, nikaitupa, nikatafuta nyingine. Usukani alichagua yeye kwa picha.

Kuna mzee mteja wetu, Bwana Pillay, ameshajiundia magari mawili ya namna hiyo uani kwake. Aliposikia nataka gia boksi ya otomatiki alicheka mpaka akakohoa. "Gari la mbio lenye otomatiki! Si bora ununue friji uifungie magurudumu?" Nikamweleza habari ya miguu isiyoweza kukanyaga klachi. Kisha akavua saa yake, akaingia chini ya gari pamoja nami na shati lake jeupe, tukaishusha ile gia boksi tukiwa wawili.

Kilichobaki kilikuwa vile vyuma vya mikononi. Ni nondo mbili zinazofungwa kwenye kanyagio la breki na la mafuta, zikaungana kwenye mpini mmoja kando ya usukani. Ukiusukuma mpini, breki. Ukiuvuta, mafuta. Vipya bei yake siigusi, na yadini havikuwahi kuingia. Bwana Pillay ndiye aliyenipeleka kwa mama mmoja mjane ambaye marehemu mumewe alikuwa akivitumia.

Yule mama hakutaka kuuza. Aliniuliza, "Nani atavitumia?"

"Mdogo wangu. Yuko nyumbani, Tanzania."

"Wewe unajua kuvitumia?"

"Sijui, mama."

"Utamfundishaje?" Akanipa ufunguo wa gari la mumewe. "Kaa hapo. Miguu ikunje pembeni, isiguse kitu."

Dada, niliendesha gari lile uani kwake kwa mikono mitupu. Mara ya kwanza nilitaka kugonga ukuta. Mara ya pili nilizunguka mti wake, nikarudi, nikasimama taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Machozi yalinitoka mbele ya mwanamke nisiyemjua. Yeye alileta spana, akaanza kuvifungua mwenyewe. Alivifunga kwa taulo akanipa.

Nilikupigia nikiwa bado njiani, niwape habari. Ukapokea wewe, umetoka nje nyuma ya jiko, ukaniwahi na ya kwako. Ya kwangu nikaimeza.

Tangu hapo siiwezi ile kazi. Injini iko kwenye kasha, gia boksi iko, difu iko, na nikiviangalia naona maiti ya kitu. Kila kimoja nilikichagua kwa ajili ya mikono yake. Bwana Pillay anasema niuze vyote. Na Athumani ananipigia karibu kila siku sasa. Zamani alikuwa anauliza habari za injini. Siku hizi haiulizii. Anauliza, "Vyuma vya mikononi umepata, kaka?" Halafu anasema, "Fanya haraka basi." Anajaribu kucheka anaposema hivyo. Na mimi najua anakimbizana na nini, na yeye hajui kama najua.

Kuja siwezi, unajua hali ya karatasi zangu. Nikitoka sirudi, na nikikaa sifai kitu.

Ile bodi yake aliyokwisha kuifinyanga hapo uani itabaki hivyo, dada. Nimejaribu kujidanganya nimeshindwa. Hata nikipakia kasha leo, mpaka lifike, lipite bandarini, apatikane fundi wa kufunga, vidole vitakuwa vimeshakwenda. Kasha litasubiri au litauzwa, sijali tena.

Lakini Mzee Salumu wa Utete, huyu aliyekuletea barua, ana mfuko wa turubai. Chukua. Vyuma vimo ndani, na taulo lake. Vinafungika kwenye gari lolote la otomatiki, na gari la shemeji ni otomatiki. Fundi yeyote wa Kibiti mwenye spana atavifunga kabla ya adhuhuri, nimechora mchoro humo ndani. Shemeji asikatae, nampigia magoti. Mtoeni Athumani mpaka kule barabara inakonyooka, pasipo na watu. Mkalisheni kwenye usukani, shemeji akae pembeni yake, wewe kaa nyuma. Mkimwambia apunguze mwendo mtakuwa mmenikosea.

Usinipigie picha wala video. Sitaweza kuziangalia. Siku mikono yake ikiwa imechoka kabisa, ndipo unieleze kwa maneno alikwendaje.

Nisalimie mama mdogo, mwambie dua zake nazihitaji. Msalimie mjomba wa Salale aliyembeba Athumani mgongoni mpaka botini siku ile, na mwalimu wetu wa chuoni kama bado anasikia. Watoto wabusu.

Athumani usimsalimie. Mpe mfuko tu, afungue mwenyewe, angali anaweza kufungua fundo.

Ni mimi nduguyo wa tumbo moja,
Seif