Mwandiko wa Mama kwenye Kadi

Makambako,
Jumapili mchana

Dada yangu mpendwa Anjela,

Kamwene. Natumaini hujambo huko Mtwara na joto lenu. Huku baridi inatutafuna, na mimi bado niko kwa Mudy, kwenye duka lake la uchapaji karibu na stendi. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ningebabaika.

Nimesikia kadi za sendofu ulizoagiza kwa ajili ya wenzako zimefika, na kwamba ulilia ulipoona mwandiko wa Mama, zile herufi zenye mikia inayorukaruka alizofundishia darasa la kwanza. Kila aliyepata kadi anamsifu. Mimi sifa hizo zinaninyima raha, sikai nikatulia.

Jana nilipanda Njombe, nikamkuta Mama Letisia wa kwaya sebuleni kwetu Mjimwema na bahasha ya vyeti vya kipaimara. Alisema kanisa zima limeona kadi, basi Mama awaandikie watoto majina yao. Mama alijifungia chumbani akisingizia kichwa. Nikaipokea bahasha mimi na kusema ataandika taratibu.

Dada, kadi zile zilichapwa. Nilipiga picha chati zake za darasani, nikazisafisha herufi mojamoja kwenye kompyuta mpaka zikawa fonti. Herufi a niliipa sura tatu, isije ikajirudia watu wakashtuka. Mudy kaipenda, sasa iko kwenye kibao cha saluni, mifuko ya maandazi na nyuma ya lori la shemeji yake. Hata muuza majeneza kachapiwa tangazo kwa herufi hizohizo zinazocheza. Nilipolalamika, Mudy aliniuliza kama kuna marehemu aliyerudi kudai. Nikitoka kununua chai namwona Mama kila ukuta, na roho inaniuma.

Utauliza kwa nini hakuandika mwenyewe. Baada ya Pasaka Mama alipata kiharusi. Anatembea, na kuongea unamsikia mwenyewe, ila mkono wa kulia haushiki hata kijiko. Anauficha ndani ya shali, na kwa baridi hii hakuna anayeshangaa. Aliniapisha nisikwambie, kwa sababu anakujua, ungeahirisha harusi uje kumuuguza. Lakini naogopa siku ya sendofu utakapompa keki mbele ya watu wote, naye aipokee kwa kushoto, ndipo ujue.

Njoo mapema. Usiahirishe kitu, useme tu umepata ruhusa kazini. Kadi yako wewe, ya ukumbusho, amenikataza kuichapa. Anaiandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, na nikichungulia ananifukuza. Mpaka jana alikuwa amefika herufi ya tatu ya jina lako.

Nisalimie shemeji Nahumu na wote hapo kazini. Mama angekusalimu, ila hajui kama nakuandikia.

Mdogo wako,
Sadock