Hatua za Lazima za Olga

Kalenga, Iringa
8 Septemba 1974

Mdogo wangu Antoni,

Kamwene. Naamini barua hii itakukuta mzima huko Iyunga, na kile kikohozi cha vumbi la reli kimekuachia. Sisi huku tunapumua. Watoto wanakula, mahindi yameshaingia ndani, na Mama anaamka, ingawa habari za Mama nitakueleza mbele.

Barua yako ya pole nimeipata. Sikulaumu kwa kutokuja kumzika Baba, najua telegramu ilichelewa. Lakini umeniudhi, nasema wazi. Barua nzima unauliza jambo moja tu: nani aliyepiga kelele uwanjani mpaka farasi akamwangusha Baba. Umeapa kwamba ukimjua hutampa mkono mpaka unaingia kaburini. Basi tulia nikusimulie, maana wewe umesikia ya njiani.

Olga unamjua, yule farasi jike wa mama wa Kizungu mwenye shamba, aliyelelewa na Baba tangu akiwa mtoto. Mama alikuwa akimwita mke mwenzangu, kwa jinsi Baba alivyomkatia majani mabichi huku kuni za nyumbani hazijapasuliwa. Yule mama wa Kizungu alimfundisha kucheza kwa santuri, na mwezi uliopita wakaja wageni na mwamuzi wao kutazama. Mwenyewe akawa anaumwa mgongo, akamwomba Baba apande yeye. Baba alifurahi, Antoni. Alinyoa ndevu, akapiga pasi suruali ya Pasaka.

Alikuwa ametueleza mambo yenyewe wakati wa kula. Muziki unachagua mwenyewe, na mpangilio ni wako, lakini ziko hatua za lazima, na ukiacha moja umeharibu. Farasi atembee kwa utulivu, aende mbio za kudunda, kisha mbio laini, halafu avuke uwanja kwa ubavu miguu ikipishana. Ila hakutuambia kwamba mwanzoni na mwishoni mpandaji husimama, akavua kofia na kumwinamia mwamuzi. Labda aliona ni jambo dogo.

Tulichelewa, tukakuta ameshaanza. Tukasimama na kina mama wa kijiji nyuma ya meza ya mwamuzi. Nakwambia, Olga alicheza! Alipokwenda kwa ubavu, kina mama waliguna kwa raha, na mimi nilijisikia mtoto wa mtu. Baba alizitimiza zote. Muziki ukaisha, akaja moja kwa moja upande wetu, akasimama, akavua kofia, akainamisha kichwa.

Wewe umezaliwa hapa hapa. Mzee akikuvulia kofia mbele za watu, utanyamaza? Sauti moja ikaitikia, na kina mama wote wakapiga magoti, wakaitikia kwa nguvu na kupiga makofi ya heshima. Olga hakuzoea mambo hayo. Alisimama kwa miguu ya nyuma, akaanguka chali, Baba akiwa chini yake.

Ndani ya gari kwenda hospitali nilikuwa nawatukana wale wanawake. Baba akanishika mkono, akasema, "Nilisalimu, wakaitikia. Kosa liko wapi?" Hakusema tena neno lingine.

Sasa jina unalolitaka. Sauti ya kwanza ilikuwa ya Mama. Nilikuwa nimesimama ubavuni pake. Alidhani mumewe anamsalimu yeye, siku ile Baba alipopendeza kuliko siku zote, naye akamwitikia mumewe.

Tangu tuzike, Mama haitikii salamu ya mtu yeyote. Majirani wanapita, wanasalimu, anatazama chini. Nimemwambia maneno ya Baba, anasema nimeyatunga ili kumfariji. Na barua yako, Antoni, nilimsomea kwa sauti kama ninavyomsomea siku zote, sikujua kilichomo mpaka nimeshakitamka kiapo chako. Hakulia. Aliniuliza tu kama kiapo hicho kinamhusu na yeye.

Jibu ni lako. Omba ruhusa, panda basi uje.

Shangazi Kalista na watoto wote wanakusalimu. Wasalimie wenzako wa kambini. Ukifika, usianze na pole. Msalimie Mama, na akikaa kimya, msalimie tena.

Dada yako,
Leokadia