Unyuzi wa Konge Kwenye Skuta ya Mwende

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Upepo umepeperusha vumbi tangu asubuhi, hata chai ya saa nne ilikuwa na mchanga chini ya kikombe. Mawingu yanakuja, yanatuangalia, yanaenda zao upande wa Kitui.

Leo nina jambo la kuandika ambalo halinifurahishi.

Wanaosoma blogu hii wananijua. Shule niliachia darasa la saba, lakini injini haijawahi kunishinda. Mimi ndiye niliyeokoa lori la mawe kule Mtito Andei kwa kufunga mkanda wa suruali yangu mahali pa mkanda wa feni, nikiwa nimeshika suruali kwa mkono mmoja na spana kwa mwingine, na ndovu watatu wamesimama kando ya barabara wakingoja nimalize ndio wavuke. Hiyo nimeisimulia hapa mara nyingi.

Basi mtu huyohuyo amesumbuliwa mwezi mzima na kaskuta kadogo ambako hata mbuzi mkubwa anaweza kukaangusha.

Skuta ni ya Mwende, binti ya marehemu dada yangu. Yeye ni muuguzi kwenye zahanati ng'ambo ya barabara ya Mombasa, kwa hivyo kila asubuhi anavuka pale makutano ya Emali, katikati ya malori. Shida yenyewe ilikuwa hivi: ukivuta mafuta, inaenda vizuri. Ukiachilia, ukitaka injini itulie ingoje, inapanda, inashuka, inapanda tena, kama mtoto anayelia na kujisahau. Halafu inazima.

Na mimi nilijua mkosaji ni nani. Nilijua kabla hata sijashika spana.

Salim ni fundi wa pikipiki pale Emali. Babake alitoka Pwani kuja kufanya kazi ya reli, akabaki. Mwende alimpelekea skuta akaze breki, na wiki iliyofuata mambo yakaanza. Ushahidi gani mwingine mtu anataka? Nikasema kwenye hoteli ya chai, "Salim amechokora kabureta ya mtoto wetu." Watu wakacheka. Na mimi watu wakicheka siwezi kuachia hapo. Siku ya pili Salim alikuwa ameharibu kabureta tatu. Siku ya tatu kulikuwa na pikipiki imeungua njiani ikienda Loitokitok.

Hiyo ya kuungua sijui ilitoka wapi. Ilikuja tu mdomoni.

Watu wa upande wetu wakaanza kupeleka pikipiki zao kwingine. Alhamisi nilipita kwa Salim saa tano, saa ya kazi, nikamkuta amekaa juu ya kreti ya soda, spana zake zimepangwa kwa gunia, safi, zinang'aa. Sijawahi kuona fundi mwenye spana safi saa tano.

"Mzee mwenzangu," akaniita, "ile skuta ya binti yaendeleaje? Niletee niitazame. Sitaki chochote."

Nikamwambia tunaiangalia nyumbani. Kama alikuwa amesikia maneno yangu, hakuonyesha.

Ijumaa skuta ikazima katikati ya makutano. Nyuma yake lori la simiti. Dereva alikanyaga breki mpaka magurudumu yakalia, na turniboi, msaidizi wake, akatoa kichwa dirishani, akaona ile sare nyeupe, akapiga kelele, "Daktari! Leo unataka kulazwa wewe?" Mwende aliisukuma mpaka ng'ambo. Alinisimulia jioni akicheka.

Kwa hivyo leo baada ya kanisa nilivua shati zuri nikaifungua skuta mwenyewe, pale kando ya ghala.

Lazima niseme ukweli: mwezi huu wote nilikuwa nikipandisha tu ile skrubu ya kabureta ili injini izunguke juu isizime. Hiyo si kutibu. Hiyo ni kumpigia mgonjwa kelele asilale. Leo nimeirudisha chini nikaanza upya. Plagi nikaitoa, nyeusi kama sufuria ya kupikia mahindi ya muthokoi. Nikaisafisha, baada ya dakika kumi ni nyeusi tena. Maana yake mafuta mengi, hewa kidogo. Nikachukua brashi na maji ya sabuni, nikapaka ule mpira unaoshika kabureta kwa injini, nikasikiliza. Kama umepasuka, mlio hubadilika. Haukubadilika.

Basi kumebaki pale hewa inapoingilia. Nikafungua kile kisanduku cha hewa.

Hapo ndipo nilipokaa chini.

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote hili. Wakati vumbi lilipozidi, sponji ya kuchuja hewa ilikuwa imeoza, inamegeka kama ugali wa juzi. Sponji mpya mimi ninunue ya nini, na kichwa ninacho? Nikachukua konge la mke wangu, lile analosukia vikapu vya kiondo, nikalichana, nikalifinyilia ndani vizuri. Niliona hata kiwandani hawajawahi kufikiria kitu kama hicho. Na kwa mara ya kwanza maishani nikanyamaza, kwa sababu nilitaka lifanye kazi miezi miwili ndio nitangaze kwa kishindo.

Wiki hiyohiyo Mwende akaenda kukaza breki.

Kwenye mdomo wa kabureta kuna kitundu kidogo kama tundu la sindano. Hapo ndipo injini inapumulia ikiwa imetulia. Ndani yake kulikuwa na unyuzi. Niliuvuta polepole kwa sindano ya kusukia. Urefu wake ni ukucha wa kidole changu cha mwisho. Rangi yake zambarau.

Mama Mutua, mke wangu, alikuwa anapita na karai. Akasimama.

"Hiyo si rangi yangu?"

Nikaufunika kwa kidole gumba.

"Nilikuuliza konge langu la zambarau limeenda wapi, ukaniambia limeliwa na mbuzi." Akaangalia skuta, akaniangalia mimi. "Kumbe mbuzi mwenyewe huyu, ana magurudumu."

Akaenda zake akicheka. Mimi sikupata nguvu ya kucheka.

Nilifunga kila kitu, nikaiwasha bila lile konge. Ikatulia. Tutututu, kama kuku aliyepata mahali pa kutagia. Nikaweka kikombe cha maji juu ya kiti, maji hayakumwagika.

Mwende akasikia akatoka mbio. "Anko! Anko wewe ni mwisho! Na huyo Salim eti ni fundi!"

Mlango wa kusema ukweli ulikuwa wazi hapo. Neno moja tu lilihitajika. Mimi nikasema, "Injini ni kusikiliza tu, mama."

Ndivyo nilivyosema. Nimeandika ili nisije nikajidanganya kwamba nilisema kingine.

Nimekaa hapa nje nafikiria lile lori. Kama breki zake zingekuwa mbaya, tungemzika binti ya dada yangu, na mimi ningesimama kaburini nikimlaumu Salim. Na ningeaminiwa. Hilo ndilo linanitisha zaidi, kwamba ningeaminiwa.

Wacha nimalize yote. Ndovu wa Mtito Andei alikuwa mmoja. Alikuwa mbali. Pengine alikuwa mwamba. Na mkanda wangu ulikatika, dereva akatafuta wake. Miaka yote nimejiambia uongo wangu haumuumizi mtu, na ule wa ndovu ni kweli haukuumiza. Lakini ndovu hana wateja. Salim anao, au alikuwa nao.

Mwende yuko jikoni anakunywa chai. Nikimaliza mstari huu naingia kumwambia, kabla chai haijaisha. Kesho asubuhi tunaenda kwa miguu mpaka Emali tukisukuma skuta, kwa sababu bila sponji siwezi kuiachia vumbi hili, na sponji ya saizi hiyo anayo Salim peke yake. Nitamwambia mbele ya kreti yake. Halafu saa nne, hoteli ya chai ikiwa imejaa, nitasimama niseme palepale niliposemea.

Najijua lakini. Nikianza kusimulia, unyuzi huu utakuwa kamba ya kufungia ndama, na watu watacheka, na mwishowe nitakuwa shujaa tena. Ndiyo maana nimeuweka ndani ya kiberiti. Nitakifungua kwanza, kila mtu auone kwa macho yake, kisha ndio nifungue mdomo.