Function ya Naserian na Ng'ombe Waliohama

Alhamisi, Februari 2006. Kitengela.

Vumbi tupu. Mvua imetukataa, na upepo wa leo umeingiza mchanga hadi ndani ya kibodi. Lakini niko na furaha ambayo lazima niiweke mahali.

Nafanya kazi kwenye mradi wa chanjo za mifugo hapa Kajiado. Kompyuta zinatunzwa na mimi, mtu wa Bungoma, pamoja na Naserian, mzaliwa wa huku. Database niliijenga mimi, na nilikuwa najivunia sana.

Jana asubuhi aliingia mama mmoja kutoka Mashuuru. Naserian akasimama kumsalimu. "Takwenya, yeyo."

"Iko," mama akaitikia, kisha akasema lililomleta. Homa ya mapafu ilikuwa imemmalizia ng'ombe. Wachache waliobaki walikuwa wamehamishiwa Ewuaso Kedong kwa shemeji yake, kutafuta majani. "Nasikia daktari anaenda huko kesho. Zangu zitadungwa ama zitaachwa?"

Nilifungua view, yaani ile orodha ambayo kompyuta hujipangia kutoka kwa rekodi zote. Ng'ombe wake walionekana wako Mashuuru. Daktari naye hubeba dawa ya boma zilizo kwenye karatasi yake tu, kwa sababu chanjo ikitoka kwenye barafu haikai. Wangeachwa.

Kosa ni langu. Kwetu ng'ombe hulala anapolala mwenyewe, kwa hiyo nilijenga view nikidhani hata huku ni hivyo. Kiangazi hiki, nani huku amebaki na ng'ombe nyumbani?

Naserian alicheka mpaka akashika meza. "Wewe umewafunga kamba ndani ya database!"

Nilitaka nifute Mashuuru niandike Ewuaso, basi. Akanizuia. Mvua ikinyesha watarudi, alisema, na utafuta tena? Kwa kila mtu? View haiulizwi kitu. Inaonyesha vile ilivyoagizwa ilipoundwa.

Akavuta kiti, akaandika function mbili, yaani maagizo mafupi ambayo unayapa kitu nayo yanakurudishia jibu. Ya kwanza unaipa kitu kimoja tu, alama iliyochomwa kwa chuma cha moto kwenye ngozi ya ng'ombe, kwa sababu hiyo haibadiliki hata ahamie wapi. Inaingia kwenye ripoti za wenzetu wa nyanjani na kutafuta kundi lenye alama hiyo lilionekana wapi mara ya mwisho. Mahali hapo inapakabidhi kwa function ya pili pamoja na alama yenyewe. Ya pili ndiyo inayosoma view, kuchukua ng'ombe wa alama hiyo, na kutoa karatasi ya daktari ikiwa na mahali hapo papya.

Jibu la moja linakuwa swali la nyingine. View yangu hakuigusa hata kidogo.

Nimeandika programu miaka mingi, na sijawahi kuona kitu kifupi hivyo kikinifurahisha hivyo. Ripoti zile tulikuwa nazo siku zote! Mimi nilikuwa nauliza mtu anaishi wapi. Yeye aliuliza ng'ombe wako wapi.

Leo asubuhi daktari aliondoka na karatasi mpya. Mama, aliyelala kwa ndugu yake hapa mjini, akaja kukaa nasi ofisini kungoja. Hakutaka hata chai. Mimi pia sikula, maana kama ripoti ya nyanjani ilikuwa imepitwa na wakati, daktari angekuta boma tupu.

Simu ya ofisi ililia saa kumi, ni shemeji yake. Mama akaipokea mwenyewe, akaanza kuulizia mmoja mmoja kwa rangi yake: yule mwekundu, yule wa madoa, yule mweusi wa pembe iliyovunjika. Wote wamedungwa. Akalia, na mimi nikalia.

Akashika mikono ya Naserian, akaitemea mate kidogo, baraka ya wazee wa huku. Naserian akamwambia kitu kwa Kimaasai huku akininyooshea kidole. Mama akanigeukia, akashika mikono yangu pia, akanibariki vilevile.

Alipotoka nikamuuliza Naserian alikuwa amemwambia nini.

"Nimemwambia ni wewe ulijenga."

Je, ingekuwa mimi, ningemtaja yeye?