Samaki Wako Amegoma Kula

Baba,

Haki nilikuwa nimeapa sitakuandikia lolote juu ya huyo samaki wako. Lakini tangu tukuzike kule kijijini Chawia, samaki huyo amegoma kula, na wacha niseme wazi: ninamwonea wivu.

Wakati wa matanga hapa Voi tulitoa viti sebuleni ili watu wapate pa kukaa. Tangi lake tukalisukuma stoo, tukalifunika leso. Siku tisa gizani, hakuna wa kumsalimu. Nilipomtoa alikuwa amejibanza nyuma ya jiwe, rangi imepauka. Shangazi akamtazama, akasema mbele ya watu, "Huyu ndiye anayemlilia kaka yangu kikweli." Baba, nilichemka! Maana mimi siku ya mazishi nilikula wali sahani mbili, na chozi halikutoka.

Wala si leo alipoanza kunishinda. Ulipostaafu reli, kila asubuhi ulivaa kofia yako ya kazi, ukavuta kiti, ukamwinamia: "Umelalaje, mama?" Mama! Hivyo ndivyo ulivyoniita mimi, mpaka nilipoingia sekondari ukaacha. Hata mifereji ikikauka, maji yake yalikuwa tayari kwenye ndoo, yamepumzika siku nzima dawa ya mfereji itoke, yasije yakamdhuru. Mimi nikirudi kazini, uliniuliza tu kama nimefunga geti.

Nimejaribu kila kitu. Tangi nimelirudisha mahali pake, mkabala na kiti chako. Maji nimeyapumzisha vile ulivyokuwa ukifanya. Nimemwimbia mpaka nyimbo za kanisani. Wapi! Ananipa mgongo.

Jana asubuhi nikavaa kofia yako. Nikakaa kwenye kiti chako, nikaona haya kama mwizi, lakini nikasema, "Umelalaje, mama?"

Akatoka. Akaja mpaka kwenye kioo, akala punje tatu.

Hapo ndipo nilipolia, Baba, kwa mara ya kwanza. Si kwa ajili ya samaki. Ni kwamba neno hilo lilisikika tena humu nyumbani, hata kama ni kwa mdomo wangu mwenyewe.

Sasa pumzika. Nitamtunza, nakuahidi, na kila asubuhi nitamsalimu. Akipata nguvu nitaivua hiyo kofia, nikae hapo hapo kichwa wazi, nione kama atakuja kwangu.

Ni mimi,
yule mama wa kwanza