Miguu ya Mwali Wangu

Kisarawe, Jumatatu, Mfungo Sita

Mpaka sasa najiuliza. Mwanangu Zaina, maneno yale kayatoa wapi?

Tangu avunje ungo tukamweka ndani, anahangaika na miguu. Akikaa mkekani anasema inamtambaa kwa ndani kama siafu, hata usingizi hapati. Somo yake anayemfunda, Bi Mwamvua, akaniambia, "Mwali hatikisiki. Mfunge kanga miguuni, atazoea." Nikamfunga. Akatulia kweli, mpaka kusema akaacha, na kula. Mimi nikadhani ndiyo adabu imeingia.

Leo mchana nampelekea uji, akaniuliza polepole, wala hakulia: "Mama, nikifa itatulia?"

Bakuli likaniponyoka.

Nikamfungua. Nikamfunika gubigubi, tukatokea mlango wa uani, tukawa tunazunguka shambani kwenye muhogo. Mwali kutoka nje kabla hajachezewa ngoma, sijapata kuona. Baba yake akatukuta.

"Mama Zaina, umerogwa? Watu watasema nini?"

"Watasema yuko hai."

Nikamweleza alichoniuliza mtoto. Akachukua panga, akatufyekea njia.

Miguu haijapona, najua. Na ule unyonge machoni bado upo, ndio unaonitisha zaidi. Lakini tuliporudi ameomba uji mwingine, akauliza, "Na kesho, mama?"

Bi Mwamvua akija kesho atatukuta huko huko kwenye muhogo. Atakasirika, na ana mdomo yule. Ile kanga aliyoniambia nimfunge mtoto miguuni, nimejifunga mimi kiunoni.