Kibati Nilichokirudisha Adumi

Koboko, Jumapili asubuhi

Mama yangu,

Shikamoo. Pokea salamu zangu pamoja na za mkweo Rajabu, ambaye amekaa hapa barazani anapukuchua mahindi na kujifanya hanioni nikiandika. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa lori ilikufikia, au imeishia kwenye magoti ya watu wa njiani? Sisi huku miili ni mizima, tunakula na tunalala. Ya moyoni ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu. Ijumaa uliponipigia uliniuliza kwa nini sauti yangu imekauka, nikakwambia ni vumbi. Halikuwa vumbi, mama. Kazi yangu ya Arua imekwisha, na imekwisha vibaya.

Ile nyumba nilishakusimulia juu juu. Iko upande wa Mvara, ya matofali ya kuchoma, baraza imeizunguka pande tatu, milango ni ya mvule, mizito kuifungua. Zamani za Wazungu alikaa humo wakala aliyekuwa akikusanya wanaume wa huku na kuwapeleka kusini kukata miwa. Baadaye ukoo mmoja wa mjini ukainunua, na sasa ni makumbusho chini ya kamati. Mimi niliajiriwa kufagia. Siku moja walikuja walimu kutoka Kenya, na kijana wa kuongoza wageni hakuwa na Kiswahili cha kutosha. Meneja akaniita na ufagio wangu mkononi akasema, "Mama Zaina, wewe natoka Tanzania. Sema na hawa watu."

Nikasema nao. Kuanzia hapo nikawa muongozaji. Kila Jumamosi nilitoka na watu kumi, wakati mwingine ishirini, kwa miguu. Tulianzia chumba cha mizani, tukashuka barabara ya misheni, tukapita pembeni mwa soko, mpaka kwenye kiwanja walikopandishwa malori wale wanaume. Kukiwa na shughuli, ngoma za wanafunzi au arusi pale bustanini, walinitaka pia, niwazungushe wageni kabla ya chakula. Rajabu alinicheka, "Umetoka Korogwe kuja kuwaonyesha Walugbara kwao." Nilicheka naye, lakini ukweli ni kwamba nilijivunia. Hujawahi kuniona nikisimama mbele ya watu wakanyamaza wanisikilize. Ungependa.

Jumamosi moja walikuja akina mama wa kanisa kutoka Adumi. Tulipofika chumba cha mizani, mmoja wao, mzee sana, akasimama katikati ya sakafu asitake kutoka. Wenzake walikwisha kutangulia barazani. Nikamwendea, nikamuuliza kama amechoka.

"Mimi hapana choka," akasema. "Mimi iko najua hii chumba. Baba yangu walipima hapa. Kwa hii mizani ya tumbaku. Walifungua yeye mdomo wakaangalia meno, kama mbuzi."

Anaitwa Mama Driciru. Siku ile hakusema zaidi. Lakini mimi sikulala vizuri, maana nilikuwa nimesimama katika chumba kile zaidi ya mwaka nikiwaambia watu kwamba hapa ndipo wafanyakazi walipoandikishwa, basi, kama vile watoto wanavyoandikishwa shule.

Nikaanza kwenda Adumi kila nilipopata nafasi, kwa boda. Mara ya kwanza alinipa maji na karanga, tukaongea mihogo. Mara ya pili nilimweleza habari za babu, mzazi wa baba, alivyoletwa Tanga kutoka bara kukata mkonge, na watu wakamwita manamba mpaka anazikwa. Akaingia ndani, akatoka na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na kibati cha shaba, duara, kimetobolewa tundu la uzi, kina namba.

"Hii walifunga kwa shingo yake," akasema. "Alienda sokoni kununua chumvi. Askari ya chifu walikamata wanaume yote ya soko. Mama yangu nangoja chumvi. Miaka nakwisha, mwanaume moja ya Vurra narudi, naleta hii kibati. Nasema, mwenye hii tulizika katikati ya miwa."

Nilimuuliza jina la baba yake. Alinitajia. Hapa silitaji, na mbele utajua kwa nini.

Ilinichukua miezi kumwomba. Nilimwambia watu wanapita nyumba ile kila wiki bila kujua, na kwamba kibati kikikaa pale, baba yake hatakuwa amepita bure. Mwisho alikubali, kwa sharti. "Weka kwa hiyo nyumba. Lakini usiseme alienda kutafuta kazi. Sema walimkamata. Sema chumvi." Nikamwahidi. Meneja alinipa fomu ya Kiingereza, akasema ni ya kuazima tu. Kiingereza changu unakijua. Nilisoma mistari ya juu, ya chini nikaiacha kwa sababu boda alikuwa akinisubiri. Nilimshika Mama Driciru kidole gumba mimi mwenyewe, nikakichovya wino, nikakibonyeza kwenye karatasi. Mama, nilikishika kidole chake kwa mkono huu ninaokuandikia.

Niliandika maelezo ya kibati kwa Kiswahili, mistari minane. Meneja aliyasoma mbele yangu, akasema ni mazuri, atapeleka kwa mchapaji pamoja na ya Kiingereza. Walikuwa wanatayarisha siku kubwa ya kufungua chumba kile upya, wageni watoke Kampala, kuwe na ngoma na hotuba.

Siku ikafika. Nilimtumia Mama Driciru boda niliyemwamini. Akaja na gomesi yake ya kijani, lile gauni la heshima la huku, na mjukuu wake Letasi, msichana anayesomea ualimu. Watu walijaa. Baada ya hotuba kitambaa kikavutwa, na hapo ndipo nami nilipouona ule ubao wa maelezo kwa mara ya kwanza. Kibati kilikuwa ndani ya kisanduku cha kioo, kimesuguliwa kinang'aa. Juu yake, kwa herufi nzuri za lugha zote mbili, waliandika kwamba hii ni kumbukumbu ya wanaume hodari wa West Nile, ndiyo huku kwetu, waliojitolea kwa hiari yao kwenda kusini kulijenga taifa, na kwamba chifu wao aliwaaga kwa baraka. Askari hamna. Soko hamna. Chumvi hamna.

Meneja alikuwa karibu nami. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Hayo siyo niliyoandika."

"Mama Zaina, sikia," akasema. "Mjukuu ya chifu iko kwa kamati. Yeye natoa mabati ya paa. Paa navuja, wewe mwenyewe napanga ndoo. Tutabadilisha pole pole."

Kabla sijajibu, Mama Driciru akanishika mkono. Hajui kusoma. Macho yake yalikuwa kwenye kibati, uso umetulia kama mtu aliyefika mwisho wa safari. Akasema, "Nisomee."

Mama, hapa ndipo pananiuma kuliko pote. Ningeweza kumwambia. Ningeweza kusema hawakuandika, wamenidanganya na mimi nimekudanganya. Badala yake nikautazama ule ubao nikamsomea mistari yangu minane, neno kwa neno, kama vile imeandikwa pale. Nikamsomea soko, nikamsomea askari, nikamsomea chumvi. Alikuwa akitikisa kichwa kukubali, analia bila sauti. Akasema, "Awadifo," ndiyo asante yao. Akasema tena.

Letasi alikuwa nyuma yetu. Alisubiri nimalize. Akasema taratibu kabisa, bila hasira, "Dede, si hivyo iko andikwa." Dede kwao ni bibi. Akamsomea yaliyokuwepo.

Sikuweza kuinua macho. Nilisikia tu Mama Driciru akiniuliza, "Wewe pia?"

Halafu akamgeukia meneja, akataka kibati chake, hapo hapo, mbele ya wageni. Meneja alimpeleka pembeni kwa heshima, akamletea soda, akamwonyesha ile fomu. Mistari ya chini, ambayo sikuisoma, ilisema mwenye mali ameitoa moja kwa moja na hataidai tena. Mama Driciru alitazama alama ya kidole chake kwa muda mrefu. Hakugusa soda. "Baba yangu pia walimwekesha kidole hapa," akasema. Akaondoka kwa miguu, Letasi akimkimbilia.

Jumatatu makumbusho hufungwa kwa usafi, na funguo nilikuwa nazo mimi. Nilifagia vyumba vyote kwanza, sijui kwa nini, pengine nilitaka waikute kazi yangu imekamilika. Nikafungua kioo, nikakifunga kibati kwenye leso, nikafunga kioo, nikaacha funguo mezani kwa meneja. Nikapanda boda mpaka Adumi.

Alikuwa anaanua mtama. Nilimpigia magoti, nikampa kwa mikono miwili. Alikitoa kwenye leso yangu, akanirudishia leso. Huku mama, mgeni hata awe adui hukaribishwa kiti. Sikukaribishwa. Nikasema, "Nisamehe, mama. Sikujua ile karatasi."

"Karatasi hapana jua," akasema. "Lakini ile nasoma kwangu, ulijua."

Akaendelea na mtama wake.

Nilimpigia meneja mwenyewe, nikamweleza nilichofanya. Akasema nisirudi, na polisi hatanipeleka kwa sababu kamati haitaki kusikika redioni. Ndipo nikarudi huku Koboko kwa wakwe. Mama mkwe hakuniuliza neno. Alinionyesha tu palizi ilipoishia.

Ningeliacha hapo. Lakini wiki mbili baadaye yule dada niliyekuwa nafagia naye akanipigia. Kile kisanduku cha kioo si kitupu. Meneja amewaendea mafundi bati wa sokoni, wamemkatia duara kutoka kwenye debe, wakalipaka rangi ya shaba, wakaligonga namba. Ubao ni ule ule. Jumamosi kijana mpya anapitisha wageni, wanalipiga picha. Na kwenye matembezi anafuata njia yangu, mpaka pale kiwanjani, na maneno mengine ni yangu, ila anapofika kwenye malori anasema wanaume walipanda wakiimba.

Hasira iliyonipanda siku hiyo sijui nikuelezeje. Niliamka, nikapanda gari la Arua, nikaunganisha Adumi. Nilikuwa nimeazimia kwenda redioni, nitaje jina la baba wa Mama Driciru na la yule chifu, wasikie mpaka ng'ambo ya mpaka. Nilitaka tu idhini ya mwenye baba.

Safari hii Letasi alinitolea kigoda. Maji hayakuja. Nikamweleza Mama Driciru habari ya debe. Nilidhani atalia au atalaani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafikiri, akasema, "Hiyo ya debe haina baba ndani. Wacha wapige picha."

"Lakini wanadanganya watu, mama. Nikubalie niende redioni, niseme yote."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Ulikuja hapa, ulisema utasema mzuri. Mimi nakupa. Wewe iko mutu ya roho mzuri, mimi hapana kataa. Lakini kila saa hii maneno natoka kwa hii nyumba, narudi na kidonda. Sasa basi. Jina ya baba yangu, chumvi yake, usiseme tena kwa mutu. Letasi atasema, kama yeye nataka. Yeye ni damu."

Nilikaa pale kwenye kigoda nimeinamisha kichwa. Kitu pekee nilichokuwa nakijua vizuri katika nchi hii ya watu, nikaambiwa nikiweke chini. Na haki ilikuwa yake. Nikamuuliza, "Hata mama yangu mzazi nisimwambie? Ameniuliza kwa nini sauti yangu imebadilika."

Akaniangalia, kwa mara ya kwanza tangu ile siku.

"Mama yako iko wapi?"

"Mbali. Tanzania."

"Atakuja hapa? Atalipa kuingia kwa ile nyumba?"

"Hapana, mama. Magoti yake mabovu."

"Basi mwambie yeye. Yeye peke yake. Na jina acha."

Kwa hiyo nimekwambia, mama, na jina nimeliacha.

Usije ukamsomea mtu barua hii, hata kaka Shabani. Yeye mwambie nimeacha kazi, nalima. Msalimie mkewe, mwambie vitenge alivyoniagiza nitamtafutia Vurra, kule mpakani, mvua ikipungua, njia ile sasa ni matope matupu na malori yamekwama. Shangazi anayelala hapo kwako usiku mpe mkono wangu, mwambie sijasahau kwamba ndiye aliyenifunga mzigo siku ya kuondoka. Zaina, mjukuu wako, amefaulu darasa lake na anakuamkia. Rajabu amemaliza mahindi, anauliza kama nimemsema vibaya.

Ukiisha kuisoma, ichome jikoni.

Ni mimi mwanao, mama yake Zaina,
niliyeko Koboko